Nililipia bahari: miaka mitatu ya kuuza nyumba Gezaulole

Novemba 2016 mwanaume mmoja alisimama kwenye baraza letu Gezaulole, akaitazama bahari kwa muda, kisha akataja bei: milioni 165. Nikamwambia hapana. Nyumba hiyohiyo niliiuza Agosti 2019 kwa milioni 118, nikiwa nimeshapokea notisi ya benki na nikidaiwa na ndugu zangu. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye nyumba sokoni sasa hivi, ambaye simu yake haiiti, na kila jioni anajiambia mteja wa maana atakuja wiki ijayo. Nilikaa kwenye hali hiyo karibu miaka mitatu, na nisingependa mtu mwingine akae hata miezi mitatu.

Gezaulole iko Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Jina ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Kijiji kilipewa jina hilo enzi za ujamaa, ila wazee wa pale bado wanaitaja Mbwamaji. Tulifika mara ya kwanza mwaka 2012, Jumapili moja ya mwezi wa saba. Tulivuka kwa pantoni, tukapanda daladala, mwisho bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Mume wangu, Baba Neema, hakusema neno mpaka tulipofika kiwanjani. Maji yalikuwa yamekupwa. Kina mama walikuwa wameinama kwenye miamba wakitafuta pweza, ngalawa mbili zimelala mchangani, na kwa mbali kinaonekana kisiwa cha Sinda. Kusi ilikuwa inavuma, minazi yote imeelekea upande mmoja. Akaniambia, "Mama Neema, hapa hata bila nyumba mtu anaweza kuishi."

Tangu dakika ile hatukuuliza tena maswali tuliyokuwa tumeyaandika kwenye daftari nyumbani.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kizuri kwa karatasi: mita za mraba 800, kimepimwa, kina hati. Bei milioni 20. Muuzaji alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Tangu mwaka 2008 Kigamboni ilikuwa ikizungumzwa kwamba itageuzwa mji mpya, na wenye maeneo hawakujua kama wataachwa au watahamishwa. Sisi tuliiona hofu yake kama bahati yetu. Tulijenga kama watu wengi tunavyojenga: msingi mwaka huu, boma mwaka unaofuata, kisha unasimama, unasubiri hela. Milioni 45 za kufikia kwenye lenta zilitoka mifukoni mwetu, kidogo kidogo, nyingi zikitoka kwenye biashara yangu ya kupika chakula cha semina na mikutano.

Mwaka 2014 tukafanya kosa la kwanza kubwa. Kati ya kiwanja chetu na mchanga wa ufukweni kulikuwa na kipande chembamba kinachoteremka, chenye miti miwili ya mkungu na majani. Mzee mmoja akasema ni chake, cha urithi. Tukaogopa kwamba mtu atakinunua, ajenge, atuzibie bahari. Tukamlipa milioni 9. Mkataba uliandikwa kwenye ofisi ya mtaa, ukapigwa mhuri, mashahidi wakasaini, tukapiga picha. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, nikiamini nimenunua ardhi. Nitarudi kwenye kipande hicho.

Julai 2015 tulichukua mkopo wa milioni 60 ili tupaue na kumalizia kila kitu: vigae, madirisha, kisima, ukuta, rangi. Riba asilimia 18, miaka 10, hati ikawekwa rehani. Marejesho yalikuwa milioni 1 na elfu 81 kila mwezi. Nawaomba mkae na kalkuleta kabla ya kusaini kitu kama hicho, kwa sababu mimi sikukaa. Kwa miezi 120 unakuwa umelipa karibu milioni 130. Lakini kilichokuja kunipiga ni mgawanyo wake: baada ya mwaka mzima wa kulipa bila kukosa, karibu milioni 13 zimeshatoka mkononi, deni lenyewe lilikuwa limepungua milioni 2 na laki 4 tu. Zilizobaki zote zilikuwa riba. Anayepanga kuuza nyumba ndani ya miaka mitatu au minne ya mwanzo aelewe kwamba miaka hiyo analipa riba, na deni kuu atalikuta pale pale.

Tulihamia Februari 2016. Siku za mwanzo nilikuwa naamka saa kumi na moja kuangalia jua likitoka majini. Mwezi mpevu ukichomoza, bahari yote inakuwa na njia nyeupe mpaka mlangoni kwako. Nasema hivi ili mjue kwamba uzuri ule ulikuwa wa kweli. Sikudanganywa na picha ya dalali. Nilichokosea ni kudhani uzuri huo una bei inayosimama palepale, watu wawe na hela au wasiwe nazo.

Aprili 2016 likazinduliwa Daraja la Nyerere, lile tunaloliita Daraja la Kigamboni, urefu mita 680, njia sita. Kigamboni ilichangamka. Madalali walipita kila siku, na kila mmoja ana bei ya juu kuliko ya jana. Jirani yetu wa upande wa juu alitajiwa milioni 200 kwa nyumba ndogo kuliko yetu. Hakuuza, na aliyemtajia hakurudi tena, lakini sisi tuliishika ile namba kama vile ilikuwa imelipwa. Dalali mmoja akasema yetu, kwa sababu ya bahari, haipungui milioni 210. Ndiyo bei niliyoibeba kichwani kwa miaka miwili.

Wakati huohuo hela ilikuwa inakauka mjini, na mimi nilikuwa wa kwanza kuiona ikikauka. Serikali mpya iliyoingia mwishoni mwa 2015 ilibana matumizi, na semina za hotelini zikawa za kwanza kukatwa. Oda zangu zilishuka kutoka sita au saba kwa mwezi mpaka moja, na mwezi mwingine hakuna. Mapema 2016 fedha za taasisi za umma zilianza kuondolewa kwenye mabenki ya biashara kupelekwa Benki Kuu, na mabenki yakawa makini sana na mikopo. Kisha Julai 2016, pale Dodoma siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Septemba hiyohiyo Waziri Mkuu akawa ameshahama. Wizara ya Baba Neema ikaanza kutoa majina ya watakaotangulia, na jina lake lilikuwemo.

Hapo ndipo tulipoamua kuuza. Ona jinsi ilivyokuwa: sababu zilizotufanya sisi tuuze ndizo zilizokuwa zimewamaliza wanunuzi. Mtu wa kununua nyumba yetu angekuwa mfanyakazi wa Serikali mwenye mkopo, au mfanyabiashara anayeuzia Serikali, au ofisa wa benki. Watu hao wote walikuwa wamebanwa kama sisi, na wengine walikuwa wanauza vya kwao. Ukiwa ndani ya shida yako unadhani ni yako peke yako. Kumbe mtaa mzima mnasubiri mteja mmoja.

Mwanaume wa milioni 165 alikuja wiki ya sita tangu tuweke nyumba sokoni. Alikuwa na hela yake, hakutegemea mkopo. Wakati ule benki ilikuwa inatudai kama milioni 57, kwa hiyo tungebaki na milioni 108. Nilimwambia arudi akifika 200. Nilisema kwa sauti ya ukali kidogo, kama mtu aliyetukanwa, maana niliona ameidharau nyumba yangu. Baba Neema aliniuliza usiku ule, "Una uhakika?" Nikamjibu kwamba ofa ya kwanza huwa ni ya kupimia kina cha maji. Yeye alikuwa tayari kuuza. Nilimshinda kwa maneno, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko hela.

Mwaka 2017 ulikuwa na neno lake, na kila Mtanzania analikumbuka: vyuma vimekaza. Kurasa za matangazo ya minada magazetini nikaanza kuzisoma kila wiki, na kila wiki naona majina ya maeneo ninayoyajua. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kwenye mabenki ilivuka asilimia 10 ya mikopo yote. Machi mwaka ule Benki Kuu ilishusha riba inayotoza mabenki kutoka asilimia 16 hadi 12, Agosti ikashusha tena hadi 9, nami nikakimbilia benki kuuliza kama yangu nayo itashuka. Haikushuka. Huko Dar kwenyewe majengo makubwa yakawa yanasimama nusu. Kwetu Kigamboni tulikuwa na mfano wa kuuona kwa macho: Dege, mradi uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, kazi ikasimama 2016, maghorofa yakabaki matupu yakitazama bahari. Kila mteja niliyempata alikuwa ameyaona. Wengine waliniuliza moja kwa moja, "Kama wale wakubwa wameshindwa, huku kuna nini?" Sikuwa na jibu.

Ofa ya pili ilikuja katikati ya mwaka ule, milioni 140. Nikakataa tena. Safari hii sikuwa na hasira, nilikuwa na hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu: nilikuwa nalinganisha 140 na ile 165 niliyoikataa, nikaona nitapoteza 25. Ile 165 haikuwepo tena. Kitu sahihi cha kulinganisha kilikuwa gharama ya kuendelea kukaa nayo: marejesho ya milioni 1 na elfu 81, mlinzi elfu 150 (Baba Neema alikuwa Dodoma, nami nimehamia kwa dada yangu Tandika ili niwe karibu na wateja), luku, maji, na ukarabati.

Kuhusu ukarabati, watu wanaotamani kujenga ufukweni wanisikilize vizuri. Chumvi ya bahari inakula. Grili za madirisha zilianza kutu kabla ya mwaka. Bati upande unaopigwa na upepo likapauka, misumari ikaacha machozi ya kahawia ukutani. Rangi ilibanduka. Bawaba za milango zikakwama. Nyumba yenye watu ndani inapigwa deki na kufunguliwa madirisha, inapumua. Ikifungwa, kwa miezi minne tu inanuka unyevu. Na maji ya kisima chetu yalikuwa yanaanza kuwa na magadi, hasa kiangazi. Kwenye matangazo niliandika "mandhari ya bahari, upepo mwanana" na sikugusa habari ya maji. Wateja walikuja kwa ajili ya mandhari, wakafungua bomba, wakaonja, wakaondoka wakisema watapiga simu.

Madalali pia wanahitaji maneno yao. Wapo waaminifu, na aliyekuja kuniuzia alikuwa mmoja wao. Lakini nilipoanza niliwapa nyumba madalali tisa. Kila mmoja akaitangaza kwa bei yake, kwa kuwa kila mmoja aliongeza cha juu. Mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake: nyumba moja, picha zilezile, bei nne tofauti, kuanzia milioni 195 mpaka 260. Aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, mtu akiona hivi anadhani ni matapeli." Na kweli, ni mji ambao watu wanaandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi" kwa kuogopa kuuziwa wakiwa kazini. Wengine walikuwa wanawatoza wateja hela ya kupelekwa kuona nyumba, wakawaleta watu wasio na nia wala uwezo, ilimradi ipatikane elfu kumi. Mimi nikihesabu wageni, najiona nina soko.

Machi 2018 nikapata mpangaji, laki 3 na nusu kwa mwezi. Nilikuwa nimepanga nisikubali chini ya laki 8. Zamani mwenye nyumba Dar alikuwa anadai kodi ya miezi sita au mwaka mkononi. Huyu alitaka kulipa mwezi kwa mwezi, na alikuwa na haki, maana nyumba tupu zilikuwa zimejaa. Alinitajia tozo ya daraja kwenda na kurudi, mafuta, na barabara yetu ya vumbi ambayo masika inakuwa tope la kusukumana. Wakati huo kule Dodoma Baba Neema alikuwa Ipagala, chumba na sebule, na mwenye nyumba wake alidai miezi sita kwa mpigo. Familia moja, nchi moja, mwezi mmoja: huku tunabembeleza mpangaji, kule tunambembeleza mwenye nyumba. Mpangaji wetu alikaa mwaka mmoja, akalipa vizuri, akaondoka alipopata kazi upande wa Bunju. Milioni 4 na laki 2 zake zote zililiwa na marejesho ya miezi isiyofika minne.

Kisha jambo ambalo nilidhani nimelizuia likatokea kwa upande mwingine. Mwaka 2018 mwenye kiwanja cha kulia akajenga ukuta mrefu, akafuata na ghorofa moja. Kisiwa cha Sinda kikapotea. Nilikwenda kulalamika mtaani, nikapanda mpaka kwa mwanasheria. Aliniuliza swali moja tu: "Hati yako imeandika una haki ya kuona kisiwa?" Hati inataja namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa na matumizi. Mandhari haimo. Nilikuwa nimeitangaza nyumba kwa kitu ambacho sikuwa nakimiliki na ambacho jirani angeweza kukiondoa kihalali kwa tofali elfu tatu.

Januari na Februari 2019 sikulipa benki. Sikupiga simu, sikwenda. Nilikuwa naona aibu na nilijipa moyo kwamba nitalipa yote mteja akipatikana. Machi ikaja barua: notisi ya siku 60. Niliisomea kwenye ngazi za jengo la benki kwa sababu miguu haikunipeleka mbele. Nilikuwa nimeshakopa kwenye kikoba, nimeshakopa kwa dada, nimeuza majiko mawili makubwa ya biashara. Usiku ule nilimpigia Baba Neema, nikalia, nikamwambia uamuzi wa 2016 ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kesho nenda kaonane nao. Waambie ukweli wote."

Nilikwenda. Jambo ninalolijutia ni kwamba sikwenda miezi mitano kabla. Ofisa wa mikopo alinieleza kwamba mdaiwa anayekuja mwenyewe kabla hajakwama wanaweza kumpangia upya, lakini nikiwa tayari na notisi nafasi ni finyu. Tulikubaliana: nilipe miezi iliyopita, niendelee kulipa, na wao waniruhusu kuuza mwenyewe, hela ipitie kwao, wakate chao na kuachia hati. Mnada ungenipa bei ya chini zaidi na gharama zake zingekuwa juu yangu. Kwa anayeuza nyumba iliyo rehani: omba benki barua ya salio la deni tangu siku ya kwanza na umwonyeshe mnunuzi. Wanunuzi wawili niliwapoteza kwa sababu walisikia habari ya rehani kutoka kwa watu wengine, wakadhani nilikuwa nawaficha. Na kweli nilikuwa nawaficha.

Baada ya hapo nilibadilisha kila kitu ndani ya mwezi mmoja. Nilibaki na dalali mmoja, tukaandikiana: bei moja, asilimia 5 yake, hakuna cha juu. Nilimlipa mthamini aliyesajiliwa. Akanipa thamani ya milioni 125, na mara ya kwanza kuisoma nilihisi kama amenivua nguo. Nikaiweka sokoni kwa 128. Nilipiga msasa grili na kuzipaka rangi upya, nikabadilisha bawaba, nikanunua tangi la lita 5,000 na kuweka mifereji ya kuvuna maji ya mvua, jumla milioni 1 na laki 9. Nikafanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati mimi mwenyewe, ili mnunuzi akute karatasi safi. Kwenye tangazo nikaandika kila kitu: kisima kina magadi kidogo kiangazi, kuna tangi la mvua, barabara ni ya vumbi kwa kilomita kadhaa, iko rehani na barua ya benki ipo. Bahari niliitaja mwisho.

Simu ziliita. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa za watu wenye maswali ya maana.

Aliyenunua alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye kiinua mgongo na hela za watoto wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapita sebuleni bila hata kugeuka dirishani. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akajaza kiganja, akaonja. Akauliza tangi linajaa kwa mvua ngapi. Akatoka nje kuangalia bati. Akauliza zahanati iko umbali gani na bodaboda wa usiku wanapatikana wapi. Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, "Mama, hujaangalia bahari." Akasema, "Bahari nitaiona tu mwanangu, haiendi popote."

Tulianzia 110 yake na 128 yangu, tukafika 118. Halafu wakili wake akauliza kuhusu kile kipande cha mbele, kwa kuwa nilikuwa nimekiweka kwenye maelezo kama sehemu ya eneo. Nikatoa mkataba wangu wa mtaa, mhuri na picha. Aliuangalia kwa heshima, kisha akanifungulia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57: hakuna shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kipande chote kilikuwa ndani ya mita hizo. Hakiwezi kupimwa kikawa kiwanja, hakipati hati, hakijengwi. Yule mzee hakuwa na cha kuuza, na mhuri wa mtaa unathibitisha tu kwamba watu walisaini mbele ya kiongozi, hautengenezi umiliki. Milioni 9 zilikuwa zimekwenda. Wakili akakifuta kwenye mkataba kwa mstari mmoja wa kalamu. Kama mnanunua karibu na maji, iwe bahari, ziwa au mto, chukueni futi kamba siku ya kwanza, kabla ya kuangalia machweo.

Mambo mengine ya mwisho yalikwenda haraka. Baba Neema ilibidi asafiri kutoka Dodoma kusaini ridhaa, maana nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ilikuwa asilimia 10 ya faida, na mimi sikuwa na faida: kiwanja, kipande, na ujenzi vilinigharimu milioni 134. Lakini kusema huna faida ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Niliokolewa na tabia ya biashara ya kutunza risiti za saruji, nondo na bati kwenye boksi la viatu. Malipo ya mafundi, ambayo hayakuwa na maandishi, hayakuhesabiwa. Anzeni boksi siku ya kuchimba msingi.

Benki ikachukua milioni 47 na ushee. Dalali milioni 5 na laki 9. Nikalipa kikoba, nikamlipa dada. Nikilinganisha na ile jioni ya Novemba 2016, ukijumlisha tofauti ya kilichobaki mkononi, marejesho ya miezi yote ile na mlinzi, halafu utoe kodi ya mpangaji, "hapana" yangu ilinigharimu zaidi ya milioni 70. Nilizichelewesha hesabu hizo kwa wiki tatu kabla ya kuziandika. Nikamwonyesha Baba Neema. Akazisoma, akazikunja, akaweka mfukoni, hatujazizungumzia tena.

Sasa tuko Dodoma. Tulinunua kiwanja mwaka 2021, kilichopimwa, upande ambao ukiangalia unaona vichaka, mbuyu mmoja na vilima vya mawe. Siku ya kukiona nilimwomba jirani maji ya kunywa kabla sijamuuliza mwenye kiwanja bei. Tunajenga bila mkopo na tumefika kwenye msingi tu. Oda za chakula zimerudi kidogo kidogo.

Mwaka juzi nilikwenda Dar kwenye msiba, nikavuka kwa pantoni, shilingi 200, nikaenda Gezaulole. Mama muuguzi amepanda mchicha na mapapai, ameongeza tangi la pili. Alinikaribisha chai. Baadaye nikateremka peke yangu mpaka kwenye kile kipande. Mikungu yote miwili ipo. Chini yake walikuwa wamekaa vijana wawili wanaotengeneza wavu, wakanisogezea nafasi kivulini, mmoja akaniuliza kama mimi ni mgeni. Nikamwambia ndiyo. Maji yalikuwa yanajaa. Nikakaa pale mpaka saa kumi na mbili.